Taa Iliyomtendea Haki Mpelelezi

Ukitaka kujua kama filamu imemheshimu mtu mweusi, usihesabu ameonekana mara ngapi. Tazama taa alizowekewa.

Mwaka 1967 Norman Jewison aliongoza "In the Heat of the Night", hadithi ya mauaji katika mji mdogo wa Sparta, Mississippi. Tajiri aliyetoka Chicago kuja kujenga kiwanda anakutwa amekufa barabarani usiku. Askari wa doria anamkuta stesheni mwanamume mweusi aliyevaa suti, anangoja treni, anamkamata papo hapo. Ushahidi ni rangi yake na pesa zilizomo mfukoni. Kumbe ni Virgil Tibbs, mpelelezi wa mauaji kutoka Philadelphia, na mji mzima hauna anayemfikia kwa ujuzi.

Aliyemwigiza Tibbs ni Sidney Poitier, na sifa zake zimeimbwa sana. Mimi leo namsifu Haskell Wexler, aliyekuwa nyuma ya kamera.

Hollywood ilizoea kupima mwanga kwa ngozi nyeupe. Taa kali zikimwangukia mtu mweusi, paji la uso linang'aa kama bati. Zikimkosa, macho yanazama gizani. Sisi hatuhitaji kusimuliwa: ni nyumba ngapi zina picha ya harusi ambamo shela limetoka safi na uso wa bibi harusi umepotea? Wexler alipunguza ukali wa taa, akaupanga mwanga kwa kuifuata ngozi ya Poitier.

Ufundi huo una uzito kwa sababu hadithi ya upelelezi huishi usoni mwa mpelelezi. Tunamfuata akiwaza, kabla hajafungua kinywa. Uso ukipotea, akili yake nayo imepotea, na kinachobaki ni suti iliyosimama kando ya mzungu.

Mwangalie Tibbs katika banda la maua la Endicott, mwenye mashamba ya pamba. Wanazungumza kwa adabu kuhusu okidi, mpaka mzee anapong'amua kwamba anayehojiwa ni yeye. Anamzaba Tibbs kofi. Tibbs anamrudishia palepale. Karibu yao yupo mtumishi mweusi aliyeshika sinia la vinywaji, na Gillespie, mkuu wa polisi, ambaye hajui la kufanya. Hasira ya Tibbs unaiona, na jitihada ya kuizuia unaiona pia. Uso wa mtumishi nao unasema yake, wala haufanani na wa Tibbs. Weusi wawili, maisha mawili, na mwanga umewatosha wote.

Poitier hakutaka kwenda Kusini mwa Marekani, ambako maisha yake yangekuwa hatarini, hivyo sehemu kubwa ya filamu ilipigwa Sparta nyingine, ya Illinois. Sherehe za Oscar zilisogezwa kwa siku 2 kwa ajili ya mazishi ya Martin Luther King, zikafanyika tarehe 10 Aprili 1968. Filamu ilitwaa tuzo 5, ikiwamo ya filamu bora, na Rod Steiger aliyemwigiza Gillespie akawa mwigizaji bora. Poitier hakuteuliwa. Wexler naye hakuteuliwa kwa kazi hii.

Basi wewe unayeshika kamera, kabla hujamwambia mwigizaji aanze, msogelee, uutazame uso wake, kisha ndipo upange taa.