Nani Aliyeokotwa? Mgeni na Mwenyeji katika Kisa cha Nyamgondho

Kisa cha Nyamgondho wuod Ombare, kisimuliwacho na Wajaluo wa ufuko wa Gwassi, ng'ambo ya Ghuba ya Winam kutoka Kisumu, aghalabu hufasiriwa kuwa onyo dhidi ya ulevi na utovu wa shukrani. Mvuvi fukara aopoa kikongwe wavuni badala ya samaki, amfanya mke, na zizi lake lafurika ng'ombe. Usiku mmoja arejea amelewa, akuta lango limefungwa, amtukana mkewe kwamba ni kitu alichokiokota ziwani. Kikongwe aondoka, mifugo yote yamfuata majini, naye Nyamgondho, ameegemea fimbo yake ufukoni, ageuka mti.

Ufasiri huo si potofu, ila ni finyu. Humchukulia kikongwe kama neema iliyotolewa kisha ikapokonywa. Mantiki ya kisa chenyewe yaelekea kwingine: mifugo haiswagwi, yaandamana na mwenyewe. Kumbe boma ambalo mume alijiona mwenyeji wake lilikuwa la mgeni tangu awali, na aliyeokotwa hasa, akapewa jamaa na makao, ni mvuvi. Tusi lake, basi, ni zaidi ya ufidhuli. Ni kukosea nani amemkaribisha nani.

Hapa ndipo kisa kinapoachana na hadithi pole za wachawi zipendwazo leo. Katika riwaya ya Eiko Kadono ya mwaka 1985, mchawi kijana Kiki apata hifadhi kwa mwoka mikate wa mji wa pwani, na hukubalika kadiri anavyowatumikia wenyeji. Hadithi hizo zina joto lake, lakini mgeni ndiye siku zote mwenye kujieleza. Kikongwe wa Gwassi hajielezi. Wala hapachikwi jina la jajuok, yaani mchawi, au la ajuoga, mganga. Fanani huliacha wazi swali la asili yake, na ni mlevi peke yake anayelichokonoa.

Grace Ogot aligeuza uhusiano huu katika The Promised Land (1966). Ochola na Nyapol, wahamiaji kutoka Nyanza, wanapata shamba Tanganyika. Jirani mwenye uganga, aliyewatangulia pale, ndiye anayewakana. Ochola aota miiba mwilini, na wanalazimika kurudi walikotoka, mavuno wakiyaacha nyuma.