Penpoint kwanza, Ngũgĩ baadaye

Ukitaja wahitimu wa Kiingereza wa Makerere, watu wanarukia Ngũgĩ na Weep Not, Child ya 1964. Sawa, lakini naona tunasifu mti, tunasahau kitalu. Idara ile ilikuwa na Penpoint, jarida la wanafunzi lililoanza 1958, na hadithi fupi za mwanzo za Ngũgĩ zilitoka humo. Yaani alisomwa na wenzake kabla hajawa jina.

Mimi nilihitimu Kiingereza kwa alama nzuri tu, chuo sikitaji. Miaka mitatu nilichambua riwaya za wengine. Hadithi niliyoandika mwenyewe ilisomwa na mhadhiri peke yake, tena akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Siku hizi naandika habari za bajeti.