Al-Mustasfa na Mas-ala ya Wema na Ubaya

Wanafunzi wetu huhifadhi kwamba Muutazila waliifanya akili kuwa hakimu wa wema na ubaya, na Ashaira wakasema hapana jema wala baya ila kwa sharia. Kisha kitabu hufungwa. Tumeirudia al-Mustasfa, aliyoimaliza Imam al-Ghazali mwaka 503 H. (1109), na tumeona hoja zake hazilingani nguvu.

Ya uongo ni imara. Mtu akiulizwa alipojificha Nabii anayetafutwa auawe, kusema uongo huwa wajibu. Basi vipi uongo uwe mbaya kwa dhati yake? Ama ya mwenye kumwokoa anayezama, hatukutosheka nayo. Imam asema humwokoa kwa huruma tu, kwa kujikadiria kuwa yeye ndiye azamaye. Na mazoea humvuta kama aliyeumwa na nyoka aogopavyo kamba ya madoadoa. Naam, lakini kueleza huruma ilivyoingia moyoni si kuthibitisha kwamba uokozi wenyewe hauna wema.

Ibn al-Qayyim (aliyefariki 751 H.), katika Miftah Dar as-Saada, ametenganisha yaliyochanganywa: akili yaweza kuujua ubaya wa dhulma, na adhabu isiwepo mpaka aje Mtume (17:15). Tena atumia Aaraf, aya ya 28: ikiwa uchafu ni kilichokatazwa tu, maana ingebaki kuwa Mwenyezi Mungu haamrishi alichokataza, nayo haina faida.

Basi mwalimu anayefundisha kwa muhtasari ule na aulizwe: kumzika binti hai, kabla ya Utume, kulikuwa si kubaya?