Binti wa Padri Aliyechekwa Mlimani

Riwaya ya Emma ya Jane Austen ilitoka London mwezi Desemba 1815, nayo ni kitabu cha kuchekesha. Nalisema hilo mapema kwa sababu toleo nililolisoma, lililohaririwa na Bharat Tandon na kutolewa na Harvard mwaka 2012, ni pana na zito kama Biblia ya mimbarini, na mtu akiliona mezani atadhani ni kitabu cha sheria. Maneno ya Austen yana nafasi yao ukurasani, na pembeni yake, kwa herufi ndogo, yamo maelezo ya mhariri. Sisi tuliozoea Biblia zenye maelezo tunaujua mpangilio huo, na hatari yake pia tunaijua: jicho hukimbilia pembeni kabla halijamaliza mstari.

Nimekisoma msimu mmoja wa karafuu, hapa Wete, jioni baada ya jioni. Hadithi yenyewe ni nyepesi. Emma Woodhouse hajatimiza miaka 21, ana mali, ana baba anayeogopa kila upepo, na kazi yake ni kuwaozesha watu ambao hawakumwomba. Kila posa anayoipanga inakwenda kombo. Bwana Elton, padri wa kijiji, ambaye Emma anadhani anampenda rafiki yake maskini, anamposa Emma mwenyewe ndani ya gari la farasi usiku wa kuamkia Krismasi, mvinyo ukiwa umemchangamsha. Akikataliwa anakwenda zake Bath, na baada ya muda mfupi anapata mchumba mwenye pauni kama 10,000.

Mke huyo ametoka Bristol. Kwa msomaji asiyejua, hilo ni jina la mji tu, na hapo ndipo toleo lenye maelezo linapolipa gharama yake. Bristol ilikuwa mojawapo ya bandari kubwa za Uingereza za biashara ya watumwa, biashara ambayo Bunge liliipiga marufuku mwaka 1807, miaka 8 tu kabla ya riwaya kutoka. Ukishajua hayo unaelewa kwa nini Bibi Elton anashtuka pale msichana mmoja anapogusia habari ya kuuza watu, akaharakisha kusema kwamba shemeji yake siku zote alikuwa rafiki wa waliotaka ikomeshwe. Hakuna aliyemuuliza. Hapa Pemba mambo hayo si ya vitabuni. Mikarafuu tunayoichuma ina historia ya mikono ya watumwa, amri ya Sultani Hamoud ya kufuta utumwa ni ya mwaka 1897, na miongoni mwa Wakristo wa mwanzo wa kisiwa hiki walikuwamo watu walioachiwa huru. Nilipofika kwa Bibi Elton nilicheka, kisha nikaweka kitabu chini.

Lakini aliyenifanya niandike ni mwingine, Bi Bates. Ni mwanamke asiyeolewa, si kijana tena, anaishi na mama yake kizee katika vyumba vya kupanga. Anasema bila kupumua. Barua ya mpwa wake, miwani ya mama iliyoharibika, matofaa ya kuoka, yote yanatoka kwa pumzi moja, kurasa kwa kurasa. Majirani wanawapelekea chakula. Kuna mahali Emma na baba yake wanawatumia nyama ya nguruwe, na mjadala wa namna ya kuipika ni mrefu. Nilipokuwa nikimsimulia jirani yangu kibarazani, nilimgeuza nguruwe kuwa mbuzi na hadithi haikuharibika.

Msomaji wa leo aweza kupitwa na jambo moja: baba yake Bi Bates alikuwa padri wa kijiji kile kile. Nyumba ya padri ilikwenda na cheo. Padri akifa, mjane na binti hutoka, na padri mpya huingia. Kwa hiyo kila Jumapili Bi Bates anasali katika kanisa la baba yake, na nyumba aliyokulia anaishi Bwana Elton. Austen aliyajua hayo mwilini. Baba yake alikuwa padri wa Steventon, na alipofariki mwaka 1805 mapato yake yalikoma, na mama na mabinti wawili wakaishi kwa michango ya kaka zao.

Sasa twende mlimani Box Hill. Watu wamekwenda matembezini, wamechoka, wanatafuta mchezo. Kila mmoja atakiwa aseme jambo moja la akili sana, au mawili ya wastani, au matatu ya kipumbavu. Bi Bates anajicheka mwenyewe kwamba hayo matatu hayatamshinda. Emma, mbele ya wote, anamjibu kuwa tatizo litakuwa kuishia matatu. Bi Bates haelewi mara moja. Akielewa, anawekwa wekundu usoni, anasema kwamba atajitahidi kunyamaza.

Baadhi ya wasomaji huona Bwana Knightley anamkemea Emma kupita kiasi kwa neno dogo la utani. Mimi naona hawaujui utani. Kwetu mtani ana haki ya kukutania hata msibani, kwa sababu nawe unayo haki ile ile juu yake. Hoja ya Knightley ni hiyo hiyo: angekuwa sawa na wewe kwa hali, ningeyaacha yapite, lakini ni maskini, ameshuka kutoka alikozaliwa, na wengine watakufuata wewe. Asiyeweza kurudisha hataniwi.

Kasoro ya toleo kama hili ni kwamba kicheko kikifafanuliwa hupoa, na habari za magari ya farasi na vitambaa zinaweza kumchelewesha mtu njiani. Msomaji wa mara ya kwanza na asome maneno ya Austen peke yake, maelezo ayarudie baadaye.

Asubuhi ya pili Emma anakwenda kuomba radhi kwa kumtembelea. Bi Bates anampokea kwa shukrani zile zile. Ila Austen anataja, kwa maneno machache mno, kwamba uchangamfu wake haukuwa kama wa zamani. Amesamehe, na maneno yamepungua.

Kanisani kwetu alikuwako mjane wa katekista aliyekuwa na usemi kama huo. Matangazo yakiisha yeye alikuwa bado na salamu. Tulimwiga, na mimi nilimwiga vizuri kuliko wengine, mpaka siku moja akiwa nyuma yangu mlangoni. Nilikwenda kwake na sukari kilo 2, akanikaribisha, akanishukuru sana. Bado huja kila Jumapili. Hukaa benchi la nyuma, husalimu kwa kichwa, na matangazo yakiisha hutoka.