Nani Analipia Furaha?

Kutisha si kazi ngumu. Mwandishi yeyote aweza kuufyeka mji mzima kwa maradhi kabla ukurasa wa kwanza haujaisha. Ufundi wa riwaya za distopia wanazoandikiwa vijana uko kwingine: kujenga jamii ambayo msomaji angetamani kuhamia, kisha kumwonyesha polepole nani anailipia.

Lois Lowry aliufanya ufundi huo mwaka 1993 katika The Giver. Jonas, mtoto anayekaribia kutimiza miaka 12, anaishi mahali pasipo njaa wala vita. Lakini watu wa huko hawaoni rangi, na kumbukumbu za uchungu wote wa zamani amebebeshwa mtu mmoja. Miaka 20 kabla yake, Ursula Le Guin alikuwa mkali zaidi: aliandika juu ya mji wa furaha unaosimama juu ya mateso ya mtoto mmoja aliyefungiwa chini ya jengo. Humo hamna zimwi. Mna masharti tu, na watu wema wanaoyakubali.

Kijana wa Ipyana, wilayani Kyela, mwenye kalamu hana haja ya kwenda mbali kutafuta mali ghafi. Katika nchi hii ya Wanyakyusa, toka Rungwe hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa, wavulana wa zamani walipofika miaka kama 10 walitoka nyumbani kwa baba, wakajijengea vibanda pembeni, na baadaye vibanda hivyo vikawa kijiji cha rika lao. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huku miaka ya 1930, aliyaeleza hayo katika kitabu Good Company cha mwaka 1951. Waandishi wengi huhangaika kubuni sababu ya kuwaweka wazazi kando ili vijana wabaki na dunia yao. Huku ilikuwa desturi.

Na furaha ilikuwa na jina: ukwangala, raha ya kula, kunywa na kuzungumza na wenzako. Bei yake nayo ilijulikana. Aliyewanyima wenzake au kuwakosea aliogopa manung'uniko yao, kwani iliaminika kwamba pumzi ya majirani waliokasirika humtia mtu baridi na homa. Raha ya pamoja ilijilinda kwa ugonjwa. Mwandishi gani wa distopia asingeitamani sheria kama hiyo?

Magonjwa yasiyojali nani mkarimu nani mchoyo yalikuja pia. Homa kali ya mafua ya 1918 na 1919 ilipita kusini magharibi mwa Tanzania, na njaa ikaifuata. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Watu wakajifukiza, na pumzi ya jirani ikaogopwa upya, safari hii hata akiwa hana kinyongo.

Kiswahili hakijaanza leo kuyatazama mambo haya. Katama Mkangi aliandika Walenisi mwaka 1995, akilinganisha nchi dhalimu na nchi ya haki. William Mkufya aliukabili UKIMWI katika Ua la Faraja, mwaka 2004. Ningependa sasa riwaya ya kijana wa Kyela: baada ya tauni, wilaya nzima ina afya, mchele na kakao vinauzwa vizuri, kwa sharti moja tu, kwamba hakuna kula chungu kimoja na mtu wa nyumba nyingine. Msichana mmoja ana bibi anayeishi peke yake, naye bibi amegoma kula bila mwenzake.

Hapo ndipo fundi hupimwa. Akiufanya ugonjwa kuwa uongo wa viongozi, msichana atavunja sharti, atashangiliwa, na hadithi itakuwa imekwisha. Ugonjwa lazima uwe wa kweli. Sharti liwe limeokoa watu kweli, pamoja na mdogo wake msichana huyo. Kijana anayesoma atajua basi kwamba kila njia ina mtu wa kuilipia, na kwamba aliyeandika hakumdanganya.