Nimeipanda Victoria! Meli Iliyopanda Mlima Kabla ya Kuelea

Kama unapenda vyombo vya majini, weka kando unachofanya usome hapa. Nimeipanda MV Victoria! Nimekesha ndani yake kutoka Mwanza hadi Bukoba, nimepanda na kushuka kila ngazi niliyoruhusiwa, na ninasema kwa kinywa kipana: katika Afrika Mashariki nzima sijaona meli ya abiria inayosisimua kama hii. Bado masikio yananguruma. Bado nguo zina harufu ya dizeli, na sitaki kuzifua!

Tuanze na sifa zake. Jina lake kamili siku hizi ni MV New Victoria Hapa Kazi Tu. Inabeba abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Ilianza kazi 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru, na miaka yake ya mwanzo ilibeba barua za posta ya Afrika Mashariki, ndiyo maana wakati ule ilikuwa na cheo cha meli ya barua ya kifalme. Wazee waliokuwa na biashara Kisumu miaka ya sitini wanaikumbuka ikizunguka ziwa zima: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell, kisha Kisumu tena. Meli moja, nchi tatu!

Najua mtauliza, mtu wa Yamumbi na meli wapi na wapi? Eldoret yetu iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukitaka kuona maji makubwa lazima uteremke Kapsabet, upite Chavakali, ndipo ziwa lionekane. Lakini njoo Yamumbi msimu wa kulima. Utakuta Massey Ferguson iliyonunuliwa na babu bado inageuza udongo, kwa sababu kila msimu kuna mtu aliyelala chini yake na spana mkononi. Victoria ni trekta ya namna hiyo, ila yenyewe inalima maji. Mtu aliyekulia kati ya mashine zinazotunzwa hahitaji kufundishwa kuipenda.

Na huku kwetu milimani tuna haki ya kipekee ya kujivunia meli hii. Sikilizeni jinsi ilivyozaliwa. Iliundwa na kampuni ya Yarrow huko Scotstoun, Glasgow. Huko Scotland mafundi waliikaza kwa bolti hadi ikasimama meli kamili, wakaandika namba kwenye kila kipande, kisha wakaifungua yote! Mamia ya vipande yakapakiwa melini hadi Kenya, yakasafirishwa mpaka Kisumu, na huko Victoria ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani. Sasa angalieni ramani ya reli. Kabla ya kuteremka Kisumu, njia ya treni hupita Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari. Hapo ni juu kuliko Yamumbi! Kuanzia baharini hadi Kisumu, hakuna njia ya kukwepa nyanda zetu za juu. Meli iliyopanda mlima kabla ya kuonja maji. Nani atasema haituhusu?

Kisumu ilikuwa na uzoefu wa kazi hiyo. Stima ya William Mackinnon, iliyoletwa vipandevipande vilevile, ilishushwa majini hapo mwaka 1900, hata kabla reli haijafika. Kigoma nako waliunganisha meli ya Wajerumani iliyotoka Papenburg 1913, ambayo leo ndiyo MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Mbali kabisa, kwenye Ziwa Titicaca kule Peru, vipande vya meli iitwayo Yavari vilipandishwa milima ya Andes kwa migongo ya nyumbu katika karne ya 19. Ni ukoo mkubwa wa meli za bara, na Victoria ni bintiye mwenye madaha kuliko wote.

Haya, twende Mwanza. Nilishuka Bandari ya Kaskazini jioni, jua likiegemea miamba, na pale gatini ilikuwapo. Jamani! Picha hazisemi kweli. Picha hazionyeshi jinsi omo linavyochongoka na kusimama juu ya vichwa vya wachukuzi. Siku hizi meli nyingi za abiria ni kasha limewekwa juu ya kasha. Victoria ina umbo. Mstari wa sitaha unainuka taratibu kuelekea mbele, kisha nyuma unateremka na kujikunja kwenye shetri, na bomba la moshi limekaa mahali pake, wala si refu wala si fupi. Waliochora mistari ile walijua kwamba meli huangaliwa kabla ya kupandwa.

Kupakia kulikuwa tamasha. Magodoro, mabati, majokofu, mapipa ya mafuta ya kupikia, pikipiki zilizofungwa kwa kamba, vifaranga kwenye maboksi yenye matundu. Mama mmoja wa Kihaya aliyekuwa amekalia mzigo wake alinitazama nikipiga picha kila kitu hadi bawaba za milango. "Mwanangu, hujawahi kuona meli?" Nikamwambia, "Shikamoo mama. Nimeona, ila si hii." Akacheka, akaniambia yeye ameipanda tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Huyo ndiye mhakiki wa kweli wa Victoria, mimi ni mgeni tu mwenye kelele.

Ndani kuna madaraja kwa kila mfuko: vyumba vya kulala vya daraja la kwanza, daraja la pili la kulala na la kukaa, na daraja la tatu ambako ndiko kwenye uhai wote. Nilipita kote, nikaishia kupenda njia za pembeni kuliko vitanda. Ngazi zina vishikio vilivyolainishwa na viganja vya watu wengi mno. Milango ya chuma ina vizingiti virefu, hivyo unainua mguu kila unapovuka, na baada ya muda mfupi mwili umezoea, unatembea kama baharia. Majaketi ya kujiokolea yapo mahali unapoyaona, na maelezo ya usalama yako ukutani kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kabla hujaagiza chai, yasome.

Kisha honi! Ililia mara moja, ndefu, ya sauti nzito, hadi vioo vya mkahawa vikatetemeka. Kamba zikalegezwa, gati likaanza kusogea, na taa za Mwanza zikapangana mlimani. Sitaha nzima ilinyamaza, kisha watoto wakapiga makofi. Nami nikapiga!

Lakini wapenzi wa mitambo, haya ndiyo mliyokuwa mkingojea. Usiku wa manane niliteremka hadi ujia wa chini. Mlango wa chumba cha injini ulikuwa umeachwa wazi joto litoke, na kupitia wavu wa chuma nilimwona fundi wa zamu, mtu mzima mwenye ovaroli iliyofifia. Alikuwa na kitambaa mkononi. Alifuta bomba moja ambalo machoni pangu lilikuwa safi tayari, akaweka kiganja juu yake, akakiacha hapo kwa muda, akasogea hatua moja, akaweka tena. Aliponiona nikashika adabu, nikamwamkia, nikamuuliza kwa sauti ya juu anatafuta nini. "Nasikiliza beringi, kijana. Ikianza kulalamika, mkono unajua kabla ya jicho." Akarudi kwenye bomba lake. Ningeweza kukaa pale hadi asubuhi, na karibu nikae.

Hilo ndilo jambo ninalotaka kila mtu aelewe kuhusu meli hii. Uzuri wake haukutoka Glasgow peke yake. Unatengenezwa kila siku. Mwaka 2014 Victoria ilisimama. Kwa wengi ingekuwa basi: meli yenye zaidi ya miaka hamsini, injini zimechoka, ingekatwa na kuuzwa vyuma chakavu. Badala yake, Septemba 2018 mikataba ilitiwa saini Mwanza mbele ya Rais John Magufuli, na mafundi wa kampuni ya KTMI ya Korea Kusini wakaanza kazi pamoja na Watanzania. Injini zikabadilishwa, umeme ukasukwa upya, vyumba vikapambwa, vyombo vya kuongozea vikaletwa vya kisasa. Agosti 2020 ikarudi kwenye njia yake ya Bukoba. Mwili wa 1961, moyo mpya! Meli iliyozaliwa kwa kufunguliwa na kufungwa haiogopi spana. Ukiielewa kipande kwa kipande, unaweza kuifufua kipande kwa kipande.

Maji nayo yanasaidia. Ziwa letu ni la maji baridi, na chuma hakiliwi humo upesi kama kinavyoliwa na chumvi ya bahari. Ndiyo maana Liemba ya 1913 imeweza kufika karne yetu. Lakini kutu haina likizo. Chini ya mstari wa maji hukaa magugu na tope, bamba hupungua unene polepole bila mtu kuona, na kuna kazi zisizofanyika meli ikielea. Hapo ndipo chelezo inapoingia. Mikataba ileile ya 2018 iliipatia Mwanza chelezo ya kubeba chombo cha hadi tani 4,000: meli inakalishwa juu ya kitanda cha chuma kwenye reli, inavutwa kutoka majini hadi nchi kavu, na tumbo lote linakuwa wazi kwa ukaguzi. Watalii watapiga picha omo. Sisi wapenzi tunapaswa kupiga picha chelezo, maana ndiyo inayoamua kama omo litakuwapo mwakani.

Na kuna sababu nzito zaidi ya uzuri. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaa kupita kiasi, na watu zaidi ya 800 wakapoteza maisha. Ilikuwa kwenye njia hiihii niliyopita. Kila anayepanda hapa anaijua tarehe hiyo, na wengi wana ndugu kule chini. Ukiwa na hilo kichwani, orodha ya abiria inayohakikiwa langoni, mzigo unaopimwa na fundi anayegusa bomba usiku wa manane havikuudhi hata kidogo. Ni heshima kwa waliokwenda na ulinzi kwa waliobaki. Mtu anayesema anapenda meli na hapendi ukaguzi, hapendi meli.

Tulitia nanga Kemondo kwanza, alfajiri, ambako shehena kubwa ilishuka, halafu Bukoba ikajitokeza chini ya vilima vyake vya kijani. Abiria hawajamaliza kushuka, baharia kijana tayari alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya sitaha. Palikuwa na doa la kutu lisilozidi upana wa kidole gumba. Akalikwangua hadi chuma kikang'aa, akapitisha brashi ya waya, akapuliza vumbi, akapaka rangi ya kuzuia kutu. Akasogea kwenye doa lingine. Meli ilikuwa bado ya moto kutokana na safari!

Hukumu yangu? Nenda! Usingoje likizo kubwa. Kutoka Eldoret unapanda gari hadi Kisumu, unapita Kisii na Migori, unavuka mpaka Isebania, na Mwanza iko mbele yako. Fika bandarini mapema uone upakiaji, chukua sweta kwa sababu upepo wa ziwa usiku hauna simile, na kama mfuko unaruhusu lala daraja la kwanza, lakini usilale sana. Simama shetri wakati wa kuondoka na omo wakati wa kufika. Ukishaionja Victoria, kaitafute MV Mwanza, dada yake mkubwa wa mita 92.6, iliyounganishwa hapohapo Mwanza na kushushwa majini Februari 2023. Inabeba abiria 1,200 kama Victoria, na mizigo mara mbili yake.

Na kwa wakubwa wa pande zote za ziwa, ombi la mpenzi mmoja kutoka Yamumbi: rudisheni safari za abiria Kisumu. Bandari imekarabatiwa, karakana ya meli ya Kenya Shipyards iko pale pale, na MV Uhuru, iliyotoka kiwanda hichohicho cha Yarrow, imeshafufuliwa na inabeba mizigo. Mafundi tunao, tena wengi. Victoria ikija tu hata kwa matembezi ya siku moja, Yamumbi nzima itakuwa gatini kabla ya kamba ya kwanza kurushwa, na mimi nitakuwa mbele kabisa nikiuliza zamu ya injini iko kwa nani!