Mbiru Darasani: Igizo la Historia ya Upare na Ufundishaji wa Uhuru wa Kikatiba

Mgogoro wa Mbiru, ambao Isaria Kimambo aliuchapishia kitabu mwaka 1971, unatoa malighafi nzuri kwa mwalimu wa uraia anayewataka wanafunzi wa Same watunge igizo kuhusu uhuru wa kikatiba. Mapema mwaka 1945, maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, kupinga kodi iliyokadiriwa kwa kuzingatia mali na kipato cha kila mtu. Wanawake nao waliandamana, wakitaka shauri limalizwe ili waume zao warejee nyumbani.

Hata hivyo, utajiri huo wa kihistoria una mtego wa kisanaa. Igizo la darasani huelekea kuwagawa wahusika katika makundi mawili, yaani wema wanaokariri ibara na waovu wanaonyamazishwa. Kwa mtindo huo, Mpare wa mwaka 1945 atatamka Ibara ya 20 ya Katiba ya 1977, ilhali Hati ya Haki iliingizwa katika Katiba hiyo mwaka 1984. Kasoro hiyo inavuka suala la tarehe: inamnyima mhusika kinachompa uzito, kwamba alidai kusikilizwa pasipo kifungu chochote cha kumkinga.

Ebrahim Hussein alikwishaonyesha njia katika tamthilia yake ya Kinjeketile (1969). Mhusika wake mkuu si nakala ya mtu wa historia. Ni kiumbe cha ubunifu anayeshuhudia neno lake likitumika nje ya mamlaka yake. Vivyo hivyo, wanafunzi wanaweza kubuni nafsi za wahusika wa Mbiru bila kughushi mazingira yaliyowabana.

Nguvu ya igizo kama hilo itategemea hoja atakayopewa chifu. Kanuni kwamba mwenye zaidi alipe zaidi si ya kubezwa, na mwanafunzi anayemwigiza chifu hana budi kuitetea kwa dhati. Hapo ndipo swali la wananchi linapopata makali: nani anakadiria mali ya jirani yake, na nani aliulizwa kabla ya uamuzi? Swali hilo linaelekeza kwenye Ibara ya 21(2), inayompa raia haki ya kushiriki katika uamuzi wa mambo yanayomhusu. Ibara ya 30, inayoweka mipaka ya haki, nayo iingie jukwaani kupitia ofisa anayetaka umati utawanyike, kisha darasa lenyewe liamue kama hoja yake inatosha.

Mradi wa Tuseme, ulioanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, uliwawezesha wasichana wa sekondari kuyaigiza matatizo waliyoyabainisha wenyewe. Msingi huo unafaa hapa. Mwalimu anayeandika mwisho wa igizo kabla ya mazoezi anafundisha uhuru kwa amri, na kwa kufanya hivyo anarudia kosa la baraza lililopanga kodi bila kuwauliza walipaji.